VPN: Uliza Kwanza Mwenyewe ni Nani



Swali la VPN limenifikia mara nyingi siku hizi, kila mtu na sura yake. Kijana wa chuo hapa Garissa anataka kujua VPN yenye spidi ni ipi. Binti wa Bulla Iftin anatumia wifi ya jirani, na anauliza kama VPN itamzuia jirani kuona anachokifanya. Kijana wa kambi ya Hagadera anatumia ya bure aliyowekewa na rafiki, sasa moyo umeanza kumdunda. Ipo na barua nyingine ya dada mmoja, hiyo nimeiacha mwisho kwa sababu inahitaji utulivu. Naanza na wa Hagadera, maana ndiye aliye karibu zaidi na hatari.

Mdogo wangu, kumbuka siku uliyoiwasha ile programu mara ya kwanza. Kwenye simu ya Android hutokea kisanduku kidogo katikati ya skrini. Kinakwambia kwamba programu hii inataka kuweka muunganisho wa VPN utakaoiwezesha kufuatilia mawasiliano yako ya mtandao, na kwamba ukubali tu ikiwa unaamini inakotoka. Chini yake kuna ghairi na sawa. Karibu kila mtu hubonyeza sawa bila kusoma. Kisha kaalama ka ufunguo kanajitokeza juu kabisa, pale kwenye saa na betri, na unaambiwa uko salama.

Soma tena lile onyo, kwa sababu ndani yake mna somo zima. Bila VPN, simu yako inaongea na mnara wa kampuni ya simu, na kampuni hiyo inajua unatembelea tovuti gani. Ukiwasha VPN, simu inasimba kila kitu na kukipeleka kwanza kwenye seva ya mwenye VPN, ndipo kitoke kwenda duniani. Kampuni ya simu inabaki kuona tu kwamba unaongea na seva hiyo, na tovuti unayoifungua inaona anwani ya seva badala ya yako. Sasa aliyekaa katikati, anayeona unakwenda wapi na saa ngapi, ni mwenye VPN. Kampuni ya simu angalau ina ofisi mjini, ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Huyu wa VPN ya rafiki, je, unajua hata yuko nchi gani?

Sisi watu wa kaskazini mashariki tumekulia kwenye hawala. Mama anampa mtu pesa taslimu hapa Soko Mugdi ili ziwafikie ndugu Mogadishu au Minneapolis, na hampi mtu asiyemjua. Anauliza ni mtoto wa nani, nani amewahi kutuma kwake, likitokea la kutokea atampata wapi. Mwenye VPN mchagueni kwa maswali hayohayo. Unampa mtu amana.

Nawasisitizia hili kwa sababu walioivunja amana hiyo wanajulikana. Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Kiisraeli iitwayo Onavo. Programu yake ya VPN, Onavo Protect, ilitangazwa kama kinga ya data za mtumiaji, huku ikiipa Facebook habari za programu nyingine ambazo watu walikuwa wakitumia kwenye simu zao. Apple iliibana mpaka ikaondolewa kwenye duka lake mwezi Agosti 2018, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni mbili tanzu za Facebook jumla ya dola milioni 20 za Australia kwa kuwapotosha watumiaji. Hiyo ni kampuni ambayo dunia nzima inaijua. Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya UFO VPN ya Hong Kong, iliyokuwa ikiahidi kwamba haiweki kumbukumbu za watumiaji. Kumbukumbu zilikutwa wazi mtandaoni, pamoja na nywila za watu ambazo hata hazikuwa zimesimbwa.

Na mwaka 2016 watafiti wakiwemo wa CSIRO, taasisi ya sayansi ya serikali ya Australia, walifungua programu 283 za VPN za Android wakazichunguza moja moja. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi. Asilimia 18 hazikusimba data hata kidogo. Yaani mtu alipakua kinga, akaona alama ya ufunguo, na mambo yake yakaendelea kupita wazi.

Ila kisa ninachotaka kijana wa kwetu akisome mara mbili ni cha mtandao ulioitwa 911 S5. Mei 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kuuvunja, na mtu aliyeshutumiwa kuuendesha akakamatwa Singapore. Watu walikuwa wamepakua VPN za bure kwenye kompyuta zao, zenye majina kama MaskVPN, DewVPN na ShineVPN. VPN zilifanya kazi. Lakini kimyakimya kila kompyuta iligeuzwa mlango wa kupitia watu wengine, na wahalifu wakalipia kuitumia anwani ya mtandao ya mwenye nyumba kufanya ulaghai wa fedha, vitisho na mambo ambayo siwezi kuyaandika kwenye ukurasa huu. Anwani zaidi ya milioni 19 zilihusika, katika karibu nchi 200. Kabla ya hapo, mwaka 2015, VPN ya bure iitwayo Hola nayo ilifichuliwa kwamba ilikuwa ikiuza mtandao wa watumiaji wake wa bure kwa wateja wanaolipa.

Fikirieni maana yake hapa kwetu. Uhalifu ukifanyika kwa anwani yako, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Kijana wa Kisomali wa Garissa tayari anaulizwa kitambulisho mara ngapi kati ya hapa na Nairobi? Kumweleza askari kwamba aliyefanya ni mgeni aliyepitia kwenye simu yako kwa sababu ulipakua programu ya bure ni kazi ngumu, na sitaki iwe yako.

Sasa ile ya Hagadera hasa. Umeniambia rafiki alikuwekea HA Tunnel, akakutumia na faili la kuingiza ndani yake, ili upate intaneti bila bando. Mafaili hayo yanazunguka kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp, mengine yanauzwa, na yakifa baada ya siku chache unatafuta jipya. Faili hilo ndilo linaloelekeza simu yako iende kwenye seva ya nani, na kwa kawaida hufungwa ili wewe usione kilichomo. Aliyelitengeneza humjui, na anayelipia seva humjui. Tena ni njia ya kukwepa malipo ya kampuni ya simu, na hilo lina kesi yake pembeni. Najua bando ni ghali kwa mtu asiye na kipato, na kambini kipato ni kigumu. Hata hivyo nakuomba uliondoe. Ukishaliondoa, badilisha nywila ya barua pepe yako kwanza, kisha ya Facebook, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp.

Basi nani anaaminika? Mimi naanza na swali la riziki: huyu anakula wapi? Seva zinalipiwa kila mwezi, na asiyekutoza wewe anamtoza mtu mwingine. Bure inayoeleweka ni ile inayobebwa na wateja wanaolipa. Proton VPN ya Uswisi iko hivyo: toleo lake la bure halina kikomo cha data, ila unatumia kifaa kimoja na huchagui nchi mwenyewe. Windscribe ya Kanada nayo inatoa GB 10 kwa mwezi ukithibitisha barua pepe. Kwa mwanafunzi, moja ya hizo inatosha kabisa. Mullvad ya Uswidi ni ya kulipia, euro 5 kwa mwezi, bei ileile miaka yote, na haikuulizi jina wala barua pepe. Ukitaka kulipia VPN ya nje na huna kadi ya benki, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay imerahisisha jambo hilo.

Swali la pili ni ushahidi. Kila VPN itaandika kwamba haiweki kumbukumbu. Maneno hayo ni rahisi kuandika. Tafuta kama wamewahi kukaribisha wakaguzi wa nje na kuichapisha ripoti, na kama msimbo wa programu uko wazi kwa yeyote kuusoma. Bora zaidi ni aliyewahi kubanwa. Aprili 2023 polisi wa Uswidi walifika ofisini kwa Mullvad, Gothenburg, wakiwa na hati ya upekuzi wakitaka data za wateja. Waliondoka mikono mitupu kwa sababu data hiyo haikuwepo. Kwangu mimi, kisa kimoja cha namna hiyo kina uzito kuliko nyota elfu kumi za Playstore, ambazo baadhi hununuliwa.

Na kabla hujapakua, shuka chini kwenye ukurasa wa programu pale Playstore mpaka uone msanidi ni nani. Ukikuta jina la ajabu, barua pepe ya Gmail, hakuna tovuti, hakuna anwani, ondoka. Ikiomba kusoma majina ya watu uliohifadhi kwenye simu au SMS zako, ondoka haraka zaidi. VPN haina kazi na SMS.

Kuna mpangilio mmoja ambao huku kwetu ni muhimu kuliko Nairobi, kwa sababu mtandao wetu hukatika ovyo. Ukisafiri kutoka Garissa kwenda Dadaab, simu inapoteza mnara na kuupata tena njia nzima. Kila VPN inapodondoka, simu inaweza kurudi kupitisha mambo yako nje ya VPN bila kukuambia. Ingia Mipangilio, tafuta VPN, gusa alama ya gia kando ya jina lake, uwashe VPN iwe hewani kila wakati, na uzuie miunganisho isiyopitia VPN. Hapo ikidondoka, intaneti nayo inasimama mpaka irudi.

Mwanachuo wangu wa spidi, nakuja kwako, na jibu langu huenda lisikufurahishe. VPN kwa kawaida inapunguza spidi. Haina namna, kwa sababu data inasimbwa na inapita njia ndefu zaidi. Kutoka Garissa unakwenda Nairobi, kama kilomita 370, na video nyingi za YouTube unazotazama zimehifadhiwa nakala hukohuko Nairobi ili zikufikie upesi. Ukiwasha VPN ukachagua seva ya Marekani, video ileile inafuata nyaya za baharini kutoka Mombasa, inavuka dunia na kurudi. Halafu unasema mtandao wa Garissa ni mbovu. Kama nia yako ni faragha tu, na VPN yako inakuruhusu kuchagua, chagua seva iliyo karibu: Kenya ikiwepo, au Afrika Kusini. Ndani ya programu tafuta itifaki iitwayo WireGuard, ndiyo nyepesi zaidi kwa simu na kwa betri.

Iko hali moja ambapo VPN huongeza spidi kweli. Hutokea pale kampuni ya mtandao inapobana makusudi aina fulani ya matumizi, kama video, au inapokupitisha njia iliyojaa. Pima mwenyewe: baada ya magharibi, saa ambazo kila mtu yuko mtandaoni, fungua fast.com bila VPN, kisha na VPN, ukiwa umekaa palepale. Lakini minara ya simu iliyolipuliwa mpakani, ile inayoacha tarafa nzima za Mandera, Wajir na Garissa bila hata simu ya kawaida, hairudishwi na VPN yoyote. Wala Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na Afrika Mashariki nzima ikajikokota, hakuna programu iliyoziunganisha. Tangazo likikuahidi spidi mara tatu, hapohapo umeshajua ni mwongo.

Na angalia bando lako. Ukiwa na bando la WhatsApp pekee, ukawasha VPN, kampuni haioni tena kwamba ni WhatsApp; inakukata kwenye data ya kawaida, na ukiwa huna, inakula salio. Juu ya hapo, kusimba kunaongeza matumizi kidogo, kama asilimia 5 hadi 15. Wengi wamedhani wameibiwa salio, kumbe ni hilo.

Binti wa Bulla Iftin, abaayo, wewe nakupa moyo. Jirani mwenye wifi hawezi kusoma meseji zako za WhatsApp, wala nywila yako ya benki, kwa sababu programu hizo na tovuti nyingi siku hizi zinasimba zenyewe. Ndiyo maana ya kufuli unaloliona kando ya anwani. Anachoweza kuona, akiwa na ujuzi na nia, ni majina ya tovuti unazokwenda. Hilo VPN nzuri italificha. Kama unasoma mambo ya afya yako, au unatafuta kazi bila kutaka mtaa ujue, ni sababu halali kabisa ya kuiwasha. Kifungu cha 31 cha Katiba kinakupa faragha, na huna haja ya kumweleza mtu unaficha nini.

Ukishaiwasha, hakikisha inafanya kazi. Fungua ipleak.net VPN ikiwa imezimwa, andika anwani na jina la kampuni unayoiona. Iwashe, fungua tena. Kama jina la kampuni uliyoiandika bado linaonekana popote kwenye ukurasa ule, VPN hiyo inavuja, hata kama ufunguo uko juu ya skrini.

Kuhusu sheria, kwa ufupi. Kenya haijakataza VPN. Novemba 2024 Telegram ilipofungwa wakati wa mtihani wa KCSE kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano, Wakenya wengi waliingia kwa VPN. Kosa unalolifanya ukiwa ndani ya VPN, hata hivyo, linabaki kosa. Tanzania ni tofauti: Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo wanaovuka mpaka kibiashara waulize kwanza. Na kwa wenye dada na binamu Dubai, tafadhali msiwatumie VPN za kupigia simu ya WhatsApp. Sheria ya Falme za Kiarabu inaweka faini ya kati ya dirham 500,000 na milioni 2 kwa anayetumia VPN kutenda kosa au kulificha. Binti aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani atazitoa wapi? Meseji na sauti za kurekodi za WhatsApp zinapita, na kwa simu ipo Botim, ambayo imeruhusiwa huko.

Sasa barua niliyoiacha mwisho. Dada ameandika kwamba kaka yake anajua kila anachozungumza na marafiki, hata maneno aliyoyafuta. Amepakua VPN mbili na bado kaka anajua. Anauliza ipi ina nguvu zaidi.

Mdogo wangu, hakuna itakayokusaidia, kwa sababu kaka hapiti kwenye mtandao. Anapita kwenye simu yenyewe. VPN inalinda njia; haina uwezo juu ya mtu aliyeishika simu yako, wala juu ya programu uliyoiruhusu kusoma majina na picha zako. Hata zile programu za mikopo zilizowapigia watu jamaa zao wote kwa deni la mtu mmoja, zilipata namba hizo kwa sababu ziliruhusiwa ndani ya simu.

Fungua WhatsApp, gusa vile vidoti vitatu, kisha vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta au simu usiyoijua, na saa ya mwisho ilipotumika, hapo ndipo maneno yako yanapotokea. Ukikitoa hapo kitakatika mara moja, na kaka atajua kwamba umejua. Kwa hiyo kabla hujakigusa, jiulize siku hiyo nyumbani itakuwaje. Kama unaogopa mkono wake, usikitoe ukiwa peke yako naye; nenda kwa habaryar au shangazi unayemwamini, mwonyeshe skrini, mkubaliane nani atazungumza na kaka. Mambo yako ya siri mpaka hapo yaseme kwa mdomo, si kwa simu hiyo. Baada ya hapo badilisha namba ya kufungulia simu, iwe ambayo hajawahi kukuona ukiibonyeza, ufute alama ya kidole isiyo yako, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Hizo VPN mbili ziondoe leo. Ulizipakua kwa hofu, na hujui wenyewe ni nani.